Uzoefu wangu wa kusajiliwa UKARA na kununua bunduki za airsoft Uingereza

Nimo katika mwaka wangu wa pili wa kuwa na namba ya UKARA, yaani usajili wa wachezaji wa airsoft ambao maduka huutazama kabla ya kuuza bunduki zenye sura halisi, na kwa kuwa Waswahili kadhaa tunaoishi nao hapa England wamekuwa wakiniuliza inapatikanaje na kama inastahili usumbufu wake, nimeona niandike kwa kirefu mara moja. Kwa ufupi, huduma hii nimeiridhia na nimeihuisha kwa hiari yangu. Hata hivyo ina upungufu ambao mtu anafaa kuujua kabla hajalipa kiingilio cha mchezo wa kwanza.

Airsoft ni mchezo wa kuigiza mapambano, ambao bunduki zake hurusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Ulianzia Japani, na sehemu kubwa ya mvuto wake ni kwamba bunduki hizo zimeundwa kwa umbo, rangi na mara nyingi hata uzito wa bunduki za kweli. Kufanana huko ndiko kulikoifanya sheria iingilie kati. Tangu tarehe 1 Oktoba 2007, kwa mujibu wa Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kutumia Nguvu ya mwaka 2006, ni kosa kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bunduki ya bandia inayoweza kudhaniwa kuwa ya kweli. Waliosazwa ni wachache: majumba ya makumbusho, watengenezaji wa filamu na vipindi vya televisheni, michezo ya jukwaani, maigizo ya matukio ya kihistoria na watumishi wa dola. Kanuni za mwaka 2007 ziliongeza kundi letu, yaani watu wanaoigiza mapambano ya kijeshi au ya polisi kwa ajili ya burudani, kwa sharti kwamba shughuli yenyewe iwe na bima ya kufidia madhara yatakayowapata watu wengine.

Hapo ndipo UKARA inapoingia, na ndipo wengi wanapochanganya mambo. UKARA ni chama cha wauzaji wa vifaa vya airsoft nchini Uingereza. Si idara ya serikali, haina uhusiano na leseni za polisi, na sheria yenyewe haiitaji popote. Wauzaji walijiundia daftari la pamoja la wachezaji ili duka linapouza bunduki yenye sura halisi liwe na ushahidi kwamba mnunuzi ni mchezaji wa kweli, kwa sababu anayeshtakiwa mauzo yakienda kinyume ni muuzaji. Kwa hiyo namba ninayopewa mimi humlinda kwanza yule aliye nyuma ya kaunta. Nililielewa jambo hili mapema, na lilinisaidia kutoichukulia namba hiyo kama kibali cha kufanya nitakalo na bunduki baada ya kuinunua.

Masharti ni machache na hayana mafumbo. Uwe umetimiza miaka 18, kwani kumuuzia bunduki ya bandia ya aina yoyote mtu aliye chini ya umri huo ni kosa. Uwe umecheza angalau michezo mitatu katika kiwanja kinachotambuliwa, na michezo hiyo itandazwe katika muda usiopungua siku 56. Kisha kiwanja kinathibitisha kwamba wewe ni mchezaji wao, fomu yako inapelekwa, jina lako na anwani yako vinaingizwa kwenye daftari, na usajili unadumu kwa miezi 12.

Wengi huzilalamikia hizo siku 56. Mimi naziona kuwa ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mtu anayeanza huwa ameshaona picha za bunduki mtandaoni, moyo unamwenda mbio, na angeuziwa siku hiyo hiyo angenunua kitu kisichomfaa. Kwa kucheza na bunduki ya kukodi nilijua kwamba mtutu mrefu hunasa vichakani na kwamba sipendi kulala chini kumvizia mtu kwa saa nzima. Nilijua pia kwamba fedha yangu ya kwanza ilipaswa kwenda kwenye kinga ya macho na buti. Msituni wakati wa baridi miwani hufunga ukungu hadi huoni mkono wako mwenyewe, na ni marufuku kuivua ukiwa ndani ya eneo la mchezo, hata kwa sekunde moja. Hakuna duka lingeweza kunifundisha hayo.

Utaratibu wa asubuhi nao ni somo. Kabla ya mchezo kila mwenye bunduki hupanga foleni mbele ya meza yenye kipimo cha kasi. Msimamizi hutia gololi zake mwenyewe zenye uzito wa gramu 0.20, ili pasiwe na mtu wa kumdanganya kwa kutumia nzito zaidi, kisha hufyatua mara kadhaa na kusoma namba kwenye kioo kidogo. Kiwanja nilichojiandikisha kinaruhusu kasi isiyozidi futi 350 kwa sekunde kwa bunduki za kumimina mfululizo, na 500 kwa zile za masafa marefu zinazokokwa kwa mkono baada ya kila gololi. Wenye hizo za pili wanakatazwa kumlenga mtu aliye karibu. Bunduki iliyofaulu hufungwa kamba ya plastiki ya rangi ya siku hiyo karibu na mdomo wa mtutu. Isiyofaulu hurudishwa kwenye begi, na sijaona msimamizi akibembelezwa akakubali.

Ukali huo una msingi katika sheria. Sheria ya Polisi na Uhalifu ya mwaka 2017 iliweka mipaka inayoitofautisha airsoft na silaha zinazodhibitiwa: nguvu isiyozidi jouli 1.3 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa bunduki inayoweza kumimina gololi zaidi ya moja kwa kubonyeza kifyatulio mara moja, na jouli 2.5 kwa isiyoweza kufanya hivyo. Gololi ya gramu 0.20 inayokwenda futi 350 kwa sekunde ina takriban jouli 1.14, na ile ya futi 500 ina takriban jouli 2.3, kwa hiyo viwanja vimejiachia nafasi ndogo ya usalama. Ukiongeza springi kali zaidi ukaupita mpaka huo, kile ulichonacho si airsoft tena machoni pa sheria, na namba ya UKARA haitakufaa kitu.

Jambo jingine lililonigusa katika wiki hizo za kusubiri ni uaminifu. Gololi haiachi rangi kama mchezo ule wa risasi za rangi, hivyo anayejua kwamba umepigwa ni wewe peke yako. Ukipigwa unapaza sauti, unanyoosha mkono juu na kutoka. Wasimamizi wanakuangalia katika hilo, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu sahihi yao kwenye fomu ndiyo inayokuingiza kwenye daftari.

Usajili wenyewe ndio ulionitia doa. Baada ya mchezo wangu wa tatu nilijaza fomu palepale kiwanjani, nikaonyesha kitambulisho chenye picha na barua yenye anwani yangu, nikalipa ada ya uanachama, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri wiki nyingi. Nilipouliza nikaambiwa fomu zimeshapelekwa. Nilipouliza tena ikaonekana fomu za siku ile zilikuwa bado ziko kwenye kabati la ofisi yao. Kiwanja sitakitaja, kwa kuwa watu wake waliomba radhi na kulimaliza jambo lile wiki hiyo hiyo. Lakini ni udhaifu wa mfumo mzima kwamba mchezaji anategemea bidii ya mtu mwingine na hana pa kuangalia mwenyewe fomu yake imefika wapi. Siku hizi vipo viwanja vinavyotuma taarifa kwa njia ya kompyuta moja kwa moja, na kama ningeanza upya ningechagua kimojawapo hata kama kiko mbali zaidi.

Namba ilipopatikana, kununua kulikuwa mteremko. Duka la mtandaoni liliniomba namba, jina na anwani, likalinganisha na daftari, likatuma mzigo kwenye anwani ile ile iliyosajiliwa. Hapo pana tahadhari kwa wapangaji wanaohama mara kwa mara kama wengi wetu: ukibadilisha nyumba, sahihisha anwani kwanza kabla ya kuagiza, la sivyo oda itasimamishwa. Nilichagua bunduki ya umeme yenye umbo la M4, ile bunduki ya jeshi la Marekani, mwili wa chuma, kwa sababu betri zake na magazini zake (vikasha vya kuwekea gololi) zinapatikana kila duka na takriban kila mtu kiwanjani anazo za kukuazima. Betri za lithiamu nazichajia ndani ya mfuko usioshika moto, nikiwa macho na nikiwa karibu, na ningemwomba kila anayeishi nyumba moja na watoto afanye hivyo hivyo.

Anayeshindwa kusubiri ana njia ya halali. Akiwa na miaka 18 anaweza kununua bunduki yenye rangi za kung'aa, kwa mfano buluu, nyekundu, kijani au rangi ya chungwa, ambayo sheria haiihesabu kuwa inafanana na ya kweli mradi rangi hiyo ndiyo iliyotawala. Wapo waliofanya hivyo na wanacheza vizuri. Wasichopaswa kufanya ni kuipaka rangi nyeusi kabla ya kuwa na haki ya kufanya hivyo, maana kuibadilisha bunduki ya bandia ikawa na sura ya kweli kumetajwa katika sheria ile ile ya 2006 kuwa ni kosa sawa na kuiuza. Nimewasikia vijana wakiambiana kwamba kopo la rangi linamaliza kazi. Tafadhali msiwasikilize.

Kuagiza kutoka nje nako kunawezekana. Forodha huweza kuuzuia mzigo hadi uonyeshe kwamba unayo haki, na hapo namba hiyo hufaa. Bunduki za Japani kwa kawaida huja chini ya jouli 1, kwa kuwa sheria ya kwao ni kali kuliko ya hapa, kwa hiyo upande wa nguvu hazina tatizo. Nimeulizwa pia na ndugu wa Mombasa na Dar es Salaam kama naweza kuwanunulia na kuwatumia kwa meli. Siwezi, na sitajaribu. Usajili huu hauna nguvu yoyote nje ya Uingereza, na kitu chenye sura ya bunduki kikifika bandarini kwetu bila kibali cha nchi husika kitamletea mpokeaji matatizo makubwa.

Kuna jambo ambalo hakuna fomu inayokueleza, nalo ndilo ninalolitilia uzito kuliko yote. Kuimiliki bunduki hii nyumbani si kosa, lakini kifungu cha 19 cha Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 kinakataza kuwa na bunduki ya bandia mahali pa umma bila sababu ya msingi. Polisi anayeitwa na jirani aliyeona mtutu dirishani hana njia ya kujua kwa mbali kwamba ndani yake mna plastiki, naye anaweza kuja na wenzake wenye silaha za kweli. Sisi watu weusi katika nchi hii tunajua namna tunavyoangaliwa hata tukiwa mikono mitupu. Kwa hiyo yangu inasafiri ndani ya begi la kawaida lisilo na umbo la bunduki, betri imechomolewa, magazini ziko mfuko mwingine, begi liko kwenye buti ya gari. Natoka nyumbani hadi kiwanjani, na kutoka kiwanjani hadi nyumbani, bila kupitia dukani wala kwa rafiki. Sipigi nayo picha bustanini, na mapazia hufungwa kabla sijaitoa kuisafisha. Mke wangu ndiye aliyelisisitiza hili, naye yuko sahihi.

Upande wa kuhuisha, kila baada ya miezi 12 kiwanja kinapaswa kuthibitisha tena kwamba bado unacheza. Kwa anayefanya kazi za zamu, hasa hospitalini na kwenye nyumba za kulelea wazee ambako wengi wetu tupo, Jumapili za bure ni adimu na michezo mingi huwa Jumapili. Viwanja vingi viko misituni nje ya miji, mbali na kituo cha treni, na asiye na gari hulazimika kuomba lifti. Ada ya siku, kodi ya bunduki na gololi za ziada vikijumlishwa kwa michezo ile mitatu ya mwanzo si fedha ndogo kwa mtu anayetuma matumizi nyumbani kila mwezi.

Anayetaka kuanza, apige simu kiwanjani kabla ya kulipa chochote na aulize mambo haya: kama wako kwenye orodha ya UKARA na bima yao ni hai, kama fomu hupelekwa kwa mtandao au kwa karatasi, na huchukua muda gani, kama ada ya uanachama inalipwa mwanzoni au baada ya mchezo wa tatu, na kama mahudhurio yake yataandikwa tangu siku ya kwanza. Hilo la mwisho alihakikishe kwa macho yake asubuhi ile ya kwanza, jina lake likiwa kwenye karatasi yao pamoja na tarehe, kwa sababu siku 56 zinahesabiwa kuanzia hapo.