Boksi la DVD la Lubitsch Musicals: hapa ndo utamjua Jeanette MacDonald vizuri

Kama Jeanette MacDonald, yule mwimbaji na mwigizaji wa sinema za zamani za Marekani, unamjua kwa zile filamu alizoimba na mwimbaji mwenzake Nelson Eddy tu, yaani Naughty Marietta, Rose Marie, Maytime na wenzake, basi nakwambia mapema kabisa humjui hata nusu. Hili boksi ambalo Criterion, kampuni inayotoa sinema za zamani kwenye diski, walilitoa 2008 kwenye mfululizo wao wa Eclipse lina filamu nne za mwongozaji Ernst Lubitsch, na kwenye tatu yumo Jeanette, bado yuko studio ya Paramount, kabla studio ya MGM hawajamgeuza kuwa yule bibie mpole wa magauni mapana na machozi. Huyu wa humu ndani ni mchekeshaji. Soprano yake, yaani ile sauti ya juu ya kike, anaitumia kutania, kugomba, kumvuta mwanaume na kumfukuza, na ndo maana naipa seti hii nyota tano ingawa kuna vitu vya kulalamikia, nitavisema.

Kwa wasiomjua kabisa: kazaliwa Philadelphia 1903, akaingia Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, 1920 kwenye kundi la wasichana wa kucheza na kuitikia nyuma, akapanda pole pole mpaka mwishoni mwa miaka ile akawa anabeba michezo ya muziki kama nyota. Lubitsch akaona kipande cha majaribio alichorekodiwa kwa ajili ya sinema, akamtaka. Ndo ikaja The Love Parade, 1929, akicheza na mwimbaji Mfaransa Maurice Chevalier. Filamu yake ya kwanza maishani hiyo, na ikapata nominesheni sita za Oscar.

Sasa ukiitazama The Love Parade kumbuka sinema ya sauti wakati huo ilikuwa changa mno, maikrofoni zenyewe hazikupatana na sauti za juu, soprano akipandisha kwa nguvu sauti inakwaruza na akilegeza inapotea, halafu waimbaji wengi waliotoka jukwaani walikuwa wanaimba mbele ya kamera kana kwamba wanamtafuta mtu wa kiti cha mwisho kabisa ghorofani. Yeye hafanyi hivyo. Kwenye wimbo wa Dream Lover, malkia anayemcheza ndo ameamka anawasimulia wajakazi wake ndoto, na anaimba kwa sauti ya mtu aliyeamka kweli, maneno yanasikika yote, uso umetulia, hakuna mdomo wa kutisha kwenye noti ya juu. Dakika chache baadaye anawakalia mawaziri kikao na ukali wote wa kiti cha enzi, unabaki unashangaa ni mtu yule yule. Kwa mtu aliyekuwa hajawahi kucheza filamu, mimi naona ile ni akili kubwa sana, alielewa maikrofoni inataka nini wakati wengi walikuwa bado wanapigana nayo.

Lakini ukiniuliza nianze na ipi, Monte Carlo ya 1930, na hata usisubiri. Yeye ni bibi harusi aliyetoroka siku ya ndoa, akadandia treni na koti la manyoya, akilifungua ndani ana nguo za ndani tu, na hajui hata anaenda wapi. Basi treni inaondoka, Lubitsch anakuonyesha magurudumu, mitambo, filimbi inalia, na ule mdundo wa reli taratibu unageuka kuwa muziki, huoni hata ulipobadilika, unashtukia Jeanette yuko dirishani anaimba Beyond the Blue Horizon upepo unampiga, na wakulima mashambani wanapunga mikono na kumwitikia. Jamani. Wakati filamu nyingi za nyimbo zilikuwa zinamsimamisha mwimbaji mbele ya pazia aimbe amalize, hapa wimbo unakimbia na treni na hadithi inasonga pamoja nao. Nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi kuliko filamu yoyote iliyomo humu. Ila Jack Buchanan anayecheza naye ni wa baridi, huyo ndo udhaifu wa filamu, ule moto wa Chevalier hana.

One Hour with You ya 1932 ni nzuri, nyepesi, ya wanandoa na wivu, Chevalier anageuka kuongea na sisi watazamaji moja kwa moja, na Jeanette akawa mke mwenye mapenzi na kichwa chepesi kwa pamoja. Waliicheza tena kwa Kifaransa na yeye akiwemo, haimo humu.

Malalamiko sasa. Ya nne, The Smiling Lieutenant, ni filamu tamu lakini Jeanette hayumo, humo ni Claudette Colbert na Miriam Hopkins, kwa hiyo kama unanunua kwa ajili yake ujue unapata tatu. Hamna maelezo ya ziada kwenye diski, hamna makala ya video, ni filamu na maandishi machache ya utangulizi. Na Love Me Tonight, nyingine aliyocheza na Chevalier, haipo, kwa kuwa ile ni ya mwongozaji mwingine, Rouben Mamoulian, wala The Merry Widow ya 1934 ambayo Lubitsch aliipeleka MGM, hizo itabidi uzitafute kivyake.

Sauti ina kelele za umri, hasa The Love Parade, usitegemee usafi wa filamu zake za baadaye, Naughty Marietta na San Francisco, maana hizo mbili zilishinda Oscar ya kurekodi sauti miaka miwili mfululizo. Hainisumbui. Huyu dada 1943 alisimama Montreal akaimba Juliette kwenye opera ya mtunzi Mfaransa Gounod, mwimbaji maarufu wa opera Ezio Pinza yumo, sauti ya kufika huko alikuwa nayo, lakini mimi bado namtaka yule wa dirishani kwenye treni. Kama unapenda sinema za zamani au unajifunza kuimba mbele ya kamera, lichukue, na weka Monte Carlo kwanza.