Kapsuli za 5-HTP na Ahadi ya Kunoa Kumbukumbu

Kapsuli ninazozitathmini hapa ni za 5-HTP, kirutubisho kinachouzwa bila cheti cha daktari, na kila moja ina miligramu 100. Lebo yake inadai mambo mawili kwa mkupuo: kwamba bidhaa inaongeza serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva, na kwamba kwa sababu hiyo inanoa kumbukumbu. Dai la kwanza linaweza kutetewa. La pili halitetewi kirahisi, na kwa kuwa ndilo linalowavuta wanaojiandaa kwa mitihani na wenye wasiwasi wa usahaulifu, nimelipa nafasi kubwa zaidi.

Kuhusu utengenezaji sina malalamiko makubwa. Chupa imefungwa vizuri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi zinasomeka, na chanzo cha kiambato kimetajwa wazi kuwa mbegu za Griffonia simplicifolia, mmea unaoota Afrika Magharibi.

Serotonini yenyewe haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kwa hiyo kuimeza hakungeufaidi ubongo chochote. 5-HTP huvuka, na ikishaingia hubadilishwa kuwa serotonini na kimeng'enya kinachohitaji vitamini B6. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hicho kimejaa pia katika utumbo na ini, hivyo sehemu kubwa ya kilichomo katika kapsuli hugeuzwa kabla ya kufika kichwani. Hali hiyo inaeleza kwa nini nilipatwa na kichefuchefu kila nilipoimeza tumbo likiwa tupu, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulitaja kwa sentensi moja tu.

Tuchukulie, hata hivyo, kwamba kiasi fulani kimefika. Hapo ndipo lebo inapoacha kusema ukweli wote, kwa sababu serotonini haina kazi moja katika ubongo. Hutolewa na seli za neva zilizokusanyika katika viini vya rafe, kwenye shina la ubongo, ambazo nyuzi zake husambaa karibu kila mahali, na athari yake hutegemea kipokezi (protini ya seli inayoipokea) inachokutana nacho. Vipokezi hivyo ni vya aina 14 hivi, vilivyogawanywa katika familia 7 zenye majina yanayoanza na 5-HT, kifupi cha serotonini, na baadhi yao hufanya kazi zinazopingana waziwazi. Kipokezi cha 5-HT1A, kilicho kwa wingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu, hutuliza seli za neva. Panya waliopewa dawa za kukiamsha kwa nguvu mara nyingi wamefanya vibaya katika majaribio ya kumbukumbu. Kipokezi hicho hicho, kikiwa juu ya seli za rafe zenyewe, hufanya kazi ya breki: serotonini ikizidi, seli hizo hupunguza utoaji wake. Kipokezi cha 5-HT4 huelekea upande mwingine, kwani huongeza msisimko wa seli za hipokampasi, na prucalopride, dawa ya kutibu kufunga choo inayokiamsha, iliwasaidia watu wenye afya njema waliojitolea kwa utafiti kutambua vizuri zaidi picha walizowahi kuona. Katika 5-HT6 mambo yamekwenda kinyume: kukizuia, si kukiamsha, ndiko kulikoboresha kumbukumbu za wanyama, ingawa idalopirdine na intepirdine, dawa zilizobuniwa kwa wazo hilo, zilishindwa kuonyesha manufaa katika majaribio makubwa kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Kapsuli hii haiwezi kuchagua kati ya vipokezi hivyo. Kuimeza ili 5-HT4 peke yake ifaidike ni sawa na kumwagilia shamba zima kwa matumaini kwamba mche mmoja tu ndio utakaokunywa.

Lebo pia inachanganya hatua za kumbukumbu. Kupokea jambo jipya, kulihifadhi na kulitoa tena linapohitajika ni shughuli tatu tofauti, hata kama zinatumia sehemu zinazofanana za ubongo. Wakati wa kukumbuka, hipokampasi hujenga upya tukio zima kutokana na dokezo dogo, huku gamba la mbele la ubongo likichuja kipi kinafaa na kipi ni cha kutupwa. Watafiti waliopunguza triptofani, malighafi ya serotonini, kwa muda mfupi katika miili ya watu waliona hasa kwamba maneno yaliyojifunzwa wakati huo yalikumbukwa kwa shida baadaye, na matokeo hayo yanaelekeza zaidi kwenye uhifadhi kuliko kwenye utoaji. Zaidi ya hayo, upungufu kuwa na madhara si uthibitisho kwamba ziada ina faida, ingawa biashara ya virutubisho huishi kwa hoja ya namna hiyo.

Kwa upande wangu sikuona tofauti yoyote katika kukumbuka, lakini hisia ya mtumiaji mmoja ni kipimo dhaifu, na sikuiweka katika hesabu ya alama. Kilichonipunguzia imani zaidi ni onyo lililochapishwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo mno, linalowahusu wanaotumia dawa za sonona. Kuchanganya 5-HTP na dawa zinazoongeza serotonini kunaweza kuleta sumu ya serotonini, ambayo huanza kwa kutetemeka, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio, na ikizidi huleta homa kali na kuchanganyikiwa. Onyo la uzito huo lilistahili kukaa mbele, pale palipoandikwa habari za kunoa kumbukumbu.

Natoa nyota 2 kati ya 5, zote mbili kwa ajili ya utengenezaji na uwazi kuhusu kiambato. Anayeitaka kwa ajili ya kumbukumbu namshauri asiinunue, na anayetumia dawa yoyote ya sonona asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake.