Mota ya geti la reli: uzoefu wangu na ufunguo wa dharura

Mota ninayoizungumzia ni ya geti linalotembea juu ya reli, ni ya volti 12, ina betri ndani na chaja inayotumia stima ya volti 240, na imeandikwa kuwa inasukuma geti la hadi kilo 500. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa nyingi zinazofungwa majumbani huku pwani ya Kenya, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, zimejengwa kwa mpango huo huo: mota, giaboksi, gia ndogo inayotokeza ubavuni, na reki, yaani upau mrefu wa meno uliofungwa kwenye geti. Stima ikiwepo na rimoti ikiwa na betri, zote ni nzuri. Utaijua mota siku geti limekwama nusu njia, gari liko barabarani linazuia matatu, na mlinzi anabonyeza rimoti bila kitu kutokea. Siku hiyo unategemea mkono wa kuachisha gia tu, yaani wenzo unaofunguliwa kwa ufunguo wa dharura ili geti lisukumwe bila mota. Kwa mkono huo naipa mota hii saba kwa kumi, na zile tatu zilizopungua zimeliwa na chumvi ya bahari.

Kabla ya kushika ufunguo, bonyeza rimoti mara moja usikilize. Ukisikia "ta, ta" ya rilei, ile swichi ndogo kwenye bodi ya umeme, na geti halisogei, betri imechoka. Mota ikinguruma bila geti kwenda, kuna kitu kimelibana: mchanga kwenye reli, beringi ya gurudumu iliyokufa, au reki inayolalia gia. Mota ikizunguka vizuri lakini geti limesimama, mtu aliachisha gia akasahau kuirudisha, au gia imekatika ndani. Kimya kabisa ni fyuzi, stima au bodi. Dakika moja ya kusikiliza inakuokoa kufungua kisichohusika.

Halafu tazama geti lenyewe. Gia ikishaachishwa, hakuna kinacholishika. Vizuizi vya mwisho viko pande zote mbili? Vile viroda vya juu vinavyolizuia lisianguke ubavu vimekaza? Kama njia ya kuingilia ina mteremko, weka jiwe au kipande cha mbao mbele ya gurudumu kwanza. Geti la kilo 300 likianza kwenda lenyewe halizuiliki kwa mkono, na watoto wasiwepo karibu.

Zima swichi ya ukutani, fungua kifuniko, chomoa waya mweusi wa betri. Watu wengi huiruka hatua hii, na kuiruka ndiko kunakovunja vidole: stima hurudi ghafla, bodi inaamka, na mota inaanza kuzunguka wakati mkono wako uko karibu na meno. Kwa mota hii unazungusha ufunguo robo mzunguko, kisha unavuta mkono wa kuachisha kuja kwako mpaka usimame wima kwa nyuzi 90. Ukifika hapo vizuri unasikia mlio mdogo wa chuma kuachana na chuma. Sasa sukuma geti ukishika fremu yake, usishike reki.

Hapo ndipo watu wengi hukwama: mkono hauvutiki. Wanachukua nyundo. Acha nyundo. Ndani ya giaboksi kuna gia ya skrubu inayozungusha gurudumu la meno, na kwa umbo lake, mota inaweza kulizungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Ndiyo maana mwizi hawezi kulisukuma geti hata stima ikipotea. Lakini geti likisimama likiwa limejisukumiza kwenye kizuizi, jino la gia linabaki limebanwa na jino la reki, na pini ya kuachisha inabanwa pamoja nayo. Mtu mmoja alisukume geti kwa upande ulio kinyume na lilikokuwa likienda, milimita chache tu, na mwingine avute mkono wakati huo huo. Likiwa zito sana, tumia mtaimbo juu ya kipande cha mbao chini ya fremu. Mara nyingi pini inaachia hapo hapo bila nguvu.

Geti likiwa halikubanwa na mkono bado ni mgumu, ni kutu. Upepo wa bahari huingia kila tundu, na tundu la ufunguo kwa mota hii lina kifuniko cha plastiki kinachochakaa haraka kwa jua, ambacho ndicho kilichoipunguzia alama kubwa. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ngoja robo saa, zungusha ufunguo kidogo kidogo kwenda na kurudi. Usiushike kwa plaisi: ufunguo ni wa aloi laini, ukikatikia ndani una kazi mpya. Baadaye matone ya mafuta ya cherehani kila mwezi yanatosha. Grisi ya magari usiitie humo wala kwenye reki. Inashika mchanga ikawa msasa.

Ikishindikana kabisa, kuna njia ya spana, na hapa mafundi hukosea. Wanafungua kipande kimoja cha reki kilicho juu ya gia, geti linasogea kama mita moja, kisha kipande kinachofuata kinaingia kwenye meno na kusimama. Mita moja inapitisha mkokoteni, haipitishi gari. Ama ufungue vipande vyote vitakavyopita juu ya gia, kila kimoja cha mita moja na skrubu zake tatu au nne, ama uivute mota yenyewe. Angalia bamba lake la chini. Kama lina matundu marefu kama mfereji, legeza nati za spana namba 17 na uivute mota kuelekea uani mpaka gia itoke chini ya reki. Kama imekaa kwenye boliti zilizosimama ndani ya zege, haiinuki, kwa sababu reki iko juu yake. Utafungua reki tu. Ukinunua mota mpya, uliza bamba la aina gani kabla ya kuuliza rimoti ngapi.

Chanzo cha kukwama kwingi ni magurudumu. Yakilika, geti linashuka, na nafasi kati ya reki na gia inapotea. Inatakiwa ibaki milimita 2 hadi 3, urefu mzima wa geti. Ingiza ncha ya drili ya milimita 2 kati ya meno mwanzo, katikati na mwisho. Ikigoma mahali popote, uzito wa geti unabebwa na gia, na giaboksi haidumu. Fundi akikuambia "mota ni dhaifu, nunua ya kilo 800" bila kupima hapo, mpe chai aende zake.

Betri ni ya asidi, 7Ah (ampea-saa 7). Imejaa inasoma karibu volti 12.7 ikiwa imepumzika, na chaja nzima inatoa 13.5 hadi 13.8. Pima wakati mota inaanza kusukuma. Ikishuka chini ya 11, badilisha. Betri za aina hii hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, na ndani ya kifuniko cheusi kwenye jua la kaskazi joto huzidi hapo kwa mbali. Kivuli cha bati juu ya mota ni rahisi kuliko betri mpya. Bodi nayo ina adui wake: mjusi na sisimizi wanaopenda joto la transfoma. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni, tia kidonge kimoja cha nafthalini, ile ya kufukuza wadudu kabatini, kwenye kona mbali na plastiki ya gia.

Kurudisha: sogeza geti polepole huku ukishusha mkono, mpaka uhisi meno yameingiana, ndipo ufunge ufunguo na kurudisha waya wa betri. Safari ya kwanza bodi nyingi huendesha geti taratibu zikitafuta kizuizi, kwa hiyo usidhani imeharibika, na usimame kando.

Ufunguo wa akiba usiuweke ndani ya nyumba. Mota iko upande wa ndani wa ukuta, kwa hiyo kama boma lako halina mlango mdogo wa watu na mlinzi hayupo, dai waya wa kuachisha gia kutoka nje, uliofichwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Mota hii inakuja na tundu la kuufungia, lakini waya wenyewe unanunua kando, na ukiwa si wa chuma kisichoshika kutu, chumvi itaukatia ndani ya bomba lake kabla hujauhitaji.