Southern Georgia au Thousand Headed? Pakiti mbili za sukuma wiki kwa bustani ya nyumbani

Ukiomba mbegu za sukuma wiki kwenye duka la pembejeo nchini Kenya, mara nyingi muuzaji atakuuliza: Georgia au Thousand? Southern Georgia na Thousand Headed ndizo zilizozoeleka, na kwa kuwa bei zake hazipishani sana, wengi hubeba yoyote wanayopewa. Mwenye ekari nzima huenda asijutie. Mwenye kipande cha mita nne kwa mbili nyuma ya jiko ndiye anayepaswa kufikiri kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mbegu hizi hazilishi nyumba kwa namna moja.

Tuanze na sahani, maana huko ndiko mboga inakokwenda. Jani la Southern Georgia ni pana, bapa, lina rangi ya kijani inayoelekea bluu na utando kama nta juu yake. Likichumwa bado changa, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa au kuzidi kidogo, linaiva upesi na halihitaji kutafunwa mara mbilimbili. Thousand Headed ina jani jembamba zaidi, kingo zake zina mawimbi, na likikomaa lina nyuzinyuzi. Huko Ulaya ilikotoka ililimwa zaidi kuwa chakula cha mifugo, na ukikawia kuichuma utaelewa kwa nini. Kwa ladha na ulaini, Georgia inashinda bila ubishi.

Ila ladha ni nusu ya hesabu. Georgia hukua kwa shina moja. Unachuma majani ya chini, shina linazidi kurefuka, na baada ya miezi kadhaa ya kuchuma unabaki na mti mtupu wenye kishungi cha majani juu, tena kila jani jipya likiwa dogo kuliko lililotangulia. Thousand Headed hutoa matawi kuanzia chini hadi juu, na kila tawi linazaa majani yake. Likichoka moja, jingine linashika zamu. Mche uliotunzwa unaweza kuchumwa mwaka mzima na zaidi. Pia huvumilia kiangazi vizuri zaidi, jambo ambalo kwa nyumba zinazonunua maji kwa mtungi si dogo hata kidogo. Ubaya wake ni kimo: hupita mita moja, na upepo ukivuma bila mche kufungwa kwenye kijiti, huinama na kung'oka mizizi.

Kwa hiyo ushauri wetu unafuata mahali ulipo. Nyanda za juu zenye baridi na maji ya kubahatisha, kama Limuru, Nyandarua au Njombe: Thousand Headed. Pwani, kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, ambako joto huchosha sukuma nyingi: Georgia, kwa kuwa jamii yake hustahimili joto kuliko hii nyingine, na ipewe kivuli chepesi cha alasiri. Kwa Nairobi, Arusha na miji ya aina hiyo, zote zinakubali, na anayependa mboga laini achukue Georgia akijua kwamba atalazimika kuotesha kitalu kipya kila baada ya miezi mitano au sita. Mbegu chotara za F1 nazo zipo madukani. Miche yake hulingana vizuri na mavuno ni mazuri, lakini bei iko juu na faida hiyo huonekana zaidi kwa anayeuza sokoni.

Pakiti yenyewe ina mapungufu. Maelezo yaliyochapwa nyuma humlenga mkulima wa shamba: mavuno kwa ekari, gramu kwa ekari, mbolea kwa magunia. Gramu moja ya mbegu hizi ina takribani mbegu 250 hadi 300, kwa hiyo pakiti ya gramu 10 ni mbegu zipatazo 2,500 au zaidi. Bustani ya mita nne kwa mbili inaingiza miche 24 tu ya Georgia: mistari mitatu iliyoachana sentimita 60, na kila mstari miche minane kwa nafasi ya sentimita 45. Thousand Headed inataka sentimita 60 kila upande, yaani miche 18 hivi. Ukimwaga nusu ya pakiti kwenye kitalu kwa sababu tu umeinunua, unatengeneza msongamano, na msongamano huzaa kinyausi, ugonjwa unaolaza miche kitaluni.

Kabla ya kulipa, angalia lebo. Pakiti halali ya Kenya ina kibandiko cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua mimea na mbegu, chenye namba ya kukwangua, ambayo unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kuthibitisha. Tanzania tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Soma pia tarehe ya kupimwa uotaji na namba ya fungu. Huu si urasimu mtupu: uozo mweusi, ugonjwa unaoua sukuma nyingi za nyumbani, husafiri ndani ya mbegu, na mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi hazina wa kuulizwa. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi usizishike kisha ukale kabla ya kunawa.

Kitalu cha nyumbani hakihitaji makuu. Kreti au beseni lililotobolewa chini, udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina cha sentimita moja. Panda mbegu 50, utachagua miche 24 iliyo bora. Funika kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi. Zinaanza kuchomoza kati ya siku ya nne na ya nane, na siku hiyohiyo nyasi ziondolewe, la sivyo miche inarefuka kutafuta mwanga na kuwa dhaifu. Miche ikianza kulala chini huku shina limenyauka pale linapogusana na udongo, hicho ndicho kinyausi: maji yamezidi au miche imebanana. Punguza maji, punguza miche, acha hewa ipite. Hakuna dawa itakayofufua mche uliokwisha kulala.

Kwenye wiki ya nne au ya tano, mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli, hamisha jioni au siku ya mawingu. Wiki moja kabla, punguza kumwagilia ili uzoee taabu. Kitanda cha mita nane za mraba kinataka ndoo mbili au tatu za lita 20 za samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuvuta sota. Huyo sota ni kiwavi mnene wa kijivu anayejificha udongoni mchana na kukata shina usiku, kiasi kwamba asubuhi unaukuta mche umelala kama uliokatwa kwa kisu. Kinga ya bei rahisi ni pete ya pakiti tupu ya maziwa yenye kimo cha sentimita tano, nusu ikizama udongoni kuzunguka shina. Chimbua karibu na mche uliokatwa na kwa kawaida utamkuta hapohapo.

Wiki mbili au tatu baada ya kuhamisha, weka mbolea ya dukani ya CAN, kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, takribani gramu tano, kwa umbo la duara sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye shina, juu ya udongo wenye unyevu. Ikigusa shina, inaliunguza. Georgia huitikia mbolea hii upesi na huanza kudai tena majani ya chini yanapogeuka manjano mfululizo. Thousand Headed ina subira zaidi. Asiyetaka ya dukani aweke samadi konzi mbili kwa mche kila mwezi. Maji: wakati wa kiangazi, karibu lita moja kwa mche kwa siku, kwenye shina na si juu ya majani.

Wadudu hawabagui kati ya pakiti hizi mbili, ingawa ni rahisi kuwaona kwenye jani bapa la Georgia kuliko katika msitu wa matawi ya Thousand Headed. Vidukari hujikusanya chini ya majani machanga na kwenye kitovu cha mche, wakiwa kama unga wa kijivu, na jani hujikunja. Wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza maji yenye sabuni ya maji, kijiko kidogo kimoja kwa lita, ukihakikisha yanafika chini ya jani; sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Viwavi wa nondo mgongo-almasi, wale wadogo wa kijani wanaoning'inia kwa uzi ukiwagusa, hula nyama ya jani na kuacha utando kama dirisha. Kwa hao, dawa ya bakteria ya Bt au mafuta ya mwarobaini inatosha, ikipigwa jioni wangali wadogo. Sumu kali tunaikataa kwa sababu moja ya wazi: nyumbani unachuma kila wiki, na nyingi ya dawa hizo zina siku za kusubiri kabla ya kula. Hutasubiri.

Uozo mweusi nao hauna dawa ya kuponya. Alama yake ni manjano yenye umbo la V kutoka ukingo wa jani kuelekea katikati, na mishipa iliyogeuka meusi. Mche wenye alama hiyo ng'oa, uchome au utupe mbali, usiutie kwenye mboji. Kitanda hicho kisipandwe sukuma, kabichi wala brokoli kwa misimu kadhaa. Weka maharage au vitunguu.

Kuchuma huanza wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuhamisha. Shika kikonyo karibu na shina, kivute chini kwa ghafla kikatike chote. Kipande cha kikonyo kinachobaki huoza na kufungulia magonjwa mlango. Chukua majani mawili hadi manne ya chini kwa kila mche, uache yasiyopungua sita juu. Miche 24 ikitoa matatu matatu, hayo ni majani 72 kwa wiki, na familia ya watu watano inakula ugali na sukuma siku kadhaa bila kwenda kibandani. Usichume majani yakiwa na umande au mvua, kwani mikono iliyolowa husambaza uozo kutoka mche hadi mche. Jani ambalo halitapikwa leo lisioshwe; litie kwenye mfuko, liweke kwenye friji, mbali na ndizi mbivu, ambazo huligeuza manjano upesi.

Hapa ndipo Thousand Headed inapojilipa. Tawi la pembeni lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 ukilibandua pamoja na kisigino chake (kipande cha gamba la shina kuu), ukaondoa majani yote isipokuwa mawili au matatu ya juu na kulichomeka kwenye udongo wenye unyevu kivulini, huota mizizi ndani ya wiki chache, na linakuwa mche mpya usiohitaji pakiti nyingine. Chukua kwenye mche wenye afya pekee, kwa kuwa ugonjwa wa mama huhamia kwa mtoto. Georgia nayo unaweza kuikata ncha ili itoe machipukizi, lakini majani yake yatakuwa madogo. Kuvuna mbegu zako mwenyewe hakuna maana kwa yoyote kati ya hizi: bila baridi ya kutosha hazitoi maua, na kwenye baridi huchavushwa na kabichi ya jirani, ukapata miche isiyofanana na chochote. Shina la maua likitokeza, likate mapema.

Mbegu zilizobaki kwenye pakiti zifungwe vizuri, ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mahali pakavu na baridi, mbali na jiko. Hudumu miaka mitatu au minne. Zikikaribia umri huo, funga mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota saba au zaidi, endelea kuzipanda, na zikiwa pungufu ya hapo, ongeza idadi kwenye kitalu au nunua pakiti mpya.