Masjala tatu za vibali vya Walt Disney World: ipi ina faida, ipi inakupotezea muda

Haipiti muda mrefu kabla ya karatasi yenye jina la Walt Disney Parks and Resorts kuanza kuzunguka mtandaoni, ikiwa na maelezo marefu ya mchezo mpya unaojengwa Florida. Karatasi yenyewe huwa ya kweli. Maelezo ndiyo ya kubandikwa.

Iko milango mitatu ambayo yeyote mwenye intaneti, awe Orlando au Mombasa, anaweza kuipitia asome nyaraka za ujenzi wa eneo hilo bila kulipia: kumbukumbu za kaunti ya Orange, vibali vya maji vya South Florida Water Management District, na wilaya maalumu inayosimamia ardhi ya Disney. Kama una saa moja tu, anza na maji. Hiyo hati inayosambazwa zaidi, ile ya kaunti, ndiyo yenye habari chache kuliko zote.

Tuanze nayo hata hivyo, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu. Kwenye ukurasa wa kumbukumbu za Comptroller wa Orange County, yaani afisa anayetunza hati za kaunti, andika jina la mwenye mali, chagua aina ya hati inayoitwa Notice of Commencement, yaani taarifa ya kuanza kazi, kisha weka tarehe za mwezi mmoja uliopita. Usiweke mwaka mzima, utazama. Sehemu ya kusini ya ardhi ya Disney imo kaunti ya Osceola, na huko masjala ni nyingine. Mradi usiouona Orange, utafute Osceola kabla ya kusema haupo.

Taarifa hii haikutungwa ili kuupasha umma habari. Sura ya 713 ya sheria za Florida inamtaka mwenye mali aisajili kabla kazi haijaanza ili mafundi, wakandarasi wadogo na wauza vifaa wajue wamdai nani wasipolipwa. Madai yao juu ya mali huhesabiwa kuanzia tarehe ya kusajiliwa kwa karatasi hiyo, hata kama fundi mwenyewe aliingia saiti miezi mitano baadaye. Kazi isipoanza ndani ya siku 90, taarifa hubatilika na inabidi kusajiliwa nyingine. Isipotaja tarehe ya mwisho, inakwisha baada ya mwaka 1, na malipo yanayofanywa baada ya hapo yanaweza kumfanya mwenye mali alipe mara mbili. Hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa: watu huona tarehe ya kwisha wakaitangaza kuwa tarehe ya ufunguzi. Tarehe hiyo ni ya hesabu za malipo. Haina habari na wageni watakaopanga foleni.

Kwenye nafasi ya maelezo ya kazi, Disney huandika kitu kama "ujenzi wa jumla: nguvukazi, vifaa, na/au umeme". Maneno hayo yanatosha kubadilisha taa za choo na yanatosha kujenga treni ya milimani. Kwa hiyo usisome maelezo, soma anwani, ambayo hukuambia ni ipi kati ya bustani nne kubwa za burudani. 1180 Seven Seas Drive ni Magic Kingdom. 200 Epcot Center Drive ni EPCOT. 351 South Studio Drive ni Hollywood Studios, na 2901 Osceola Parkway ni Animal Kingdom, kule kwenye kijiji cha Harambe chenye mabango ya Kiswahili (na ndiyo, wameandika kwa "e" moja). Usihadaike na jina la barabara: Animal Kingdom iko kaunti ya Orange. Baada ya anwani, angalia mkandarasi. Kampuni ya kuchimba misingi ikionekana, kisha ya chuma, kisha ya miamba ya bandia, zote kwenye anwani moja, hapo kuna jengo. Kampuni moja ya rangi peke yake ni ukarabati, hata kama mashabiki wataapa vingine.

Sasa maji. Florida ya kati ni tambarare, ina vinamasi, na maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Hata njia za chini za wafanyakazi pale Magic Kingdom hazikuchimbwa: zilijengwa juu ya ardhi ya asili, zikafunikwa kwa udongo uliotolewa kwenye ziwa la Seven Seas Lagoon, na mgeni anatembea ghorofa ya pili bila kujua. Kwa hiyo anayetaka kumwaga zege, kufukia bwawa au kugusa ardhi oevu lazima aonyeshe mvua itakwenda wapi. Maombi hayo, yenye michoro na hesabu, yamo kwenye mfumo wa vibali wa mamlaka ya maji. Namba za vibali vya Orange huanza na 48, za Osceola na 49. Tafuta kwa jina la mwombaji, fungua namba ya maombi, kisha shuka mpaka kwenye faili kubwa kuliko zote. Mara nyingi hilo ndilo la michoro.

Kwa nini michoro hii inapatikana wakati ramani za majengo hazipatikani? Sheria ya kumbukumbu za umma ya Florida, kifungu 119.071, inaficha ramani zinazoonyesha mpangilio wa ndani na viunzi vya majengo ya burudani na hoteli. Mpangilio wa eneo haufichwi kwa namna hiyo. Kwa hiyo utaona umbo la paa, upana wa njia, lango la nyuma la malori na kina cha bwawa, lakini hutaona reli ya mchezo. Mwenye jicho atajifunza mengi kwenye paa tu.

Chukua mfano wa hesabu. Kanuni iliyozoeleka ya mamlaka hiyo kwa mabwawa yenye maji ya kudumu ni kuhifadhi inchi 1 ya maji yanayotiririka kutoka eneo lote, au inchi 2.5 mara asilimia ya eneo lisilopitisha maji, kipi ni kikubwa. Tuseme eneo ni ekari 11 na asilimia 80 limefunikwa kwa paa na lami. 2.5 mara 0.8 ni inchi 2. Inchi 2 juu ya ekari 11 ni kama mita za ujazo 2,260 za maji ya kutafutiwa mahali. Ukikuta bwawa jipya la kiasi hicho, au hesabu inayoyapeleka kwenye mfumo mkubwa uliopo, unajua wanakusudia kufunika ardhi kwa kiwango gani. Kanuni zilizoidhinishwa mwaka 2024 zimeongeza hesabu za nitrojeni na fosforasi, basi usilinganishe faili jipya na la zamani kijuujuu.

Mtego mwingine ni urefu kutoka usawa wa bahari. Michoro ya zamani huhesabu sifuri yake kwa kipimo kiitwacho NGVD 29, mipya kwa NAVD 88, na huko Orlando tofauti ni karibu futi 1. Asiyejua ataona eneo "limeshushwa" wakati hakuna aliyegusa koleo.

Mamlaka ikiona pengo, hutuma ombi la maelezo ya ziada ndani ya siku 30. Barua hizo zisome neno kwa neno. Mhandisi anapoulizwa kwa nini bomba ni dogo, hujibu kwa undani ambao hakuna msemaji wa kampuni angeutoa.

Mlango wa tatu ni wilaya yenyewe. Iliundwa mwaka 1967 kwa jina la Reedy Creek Improvement District, na tangu 2023 inaitwa Central Florida Tourism Oversight District, bodi yake ikiteuliwa na gavana. Kibali cha ujenzi hutolewa hapa, si kaunti. Anayekitafuta kwenye mfumo wa vibali vya ujenzi wa Orange anatafuta sindano kwenye nyumba ya jirani. Kwa msomaji wa mbali, chenye thamani zaidi ni makabrasha ya vikao vya bodi: barabara, mabomba, umeme. Ukitaka hati nyingine, omba kwa jina na tarehe. Ombi la "kila kitu kuhusu Magic Kingdom" hurudi na ankara ya saa za watumishi.

Na usichanganye mkataba na kibali. Mkataba wa maendeleo wa Juni 2024, wa miaka 15, unairuhusu Disney kuongeza bustani kubwa 1, ya 5, na ndogo 2, huku kampuni ikitaja uwekezaji wa hadi dola bilioni 17. Hiyo ni nafasi tu. Hakuna tofali ndani yake.

Hata kibali kilichokamilika hakifungi mkono. Hoteli ya Reflections ilitangazwa 2018 mahali palipokuwa River Country, bustani ya maji ya zamani ya Disney, eneo likasafishwa, kazi ikasimama 2020. Mradi ulirudi baadaye kwa jina jingine, Disney Lakeshore Lodge, ukilenga 2027. Aliyefuata karatasi peke yake angekuwa ameshafunga mizigo mapema sana. Picha za angani za tarehe za karibuni, zikiwekwa kando ya mchoro wa maji, ndizo zinazoonyesha kama mashine zipo.

Kwa nyota, basi: maji 4 kati ya 5, wilaya 3, kaunti 2. Kaunti ingepata 3 kama ile nafasi ya maelezo ya kazi ingejazwa kwa maneno yenye maana, lakini sheria haimlazimishi mwenye mali kusema zaidi ya hapo.