TAHADHARI: Mgeni "aliyezidisha pesa". Wenye nyumba za wageni Amu na Shela, someni hii

Mchezo wenyewe huenda hivi. Simu inaingia, sauti ya upole, salamu kamili mpaka za watoto. Anataka vyumba viwili kwa siku tatu, na wala haombi kupunguziwa hata shilingi (hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu wa Shela). Mnakubaliana 18,000. Haipiti dakika, meseji inalia: umepokea 28,000. Hujamaliza kuisoma, anapiga tena. "Samahani mama, kidole kimeteleza. Hizo elfu kumi zilizozidi mtumie nahodha, yuko Mokowe anangoja pesa ya mafuta atuvushe." Unamtumia nahodha. Mgeni haji, nahodha hayuko, na zile 28,000 hazikuingia hata senti.

Meseji ile ameiandika mwenyewe, akaituma kwa laini ya kawaida. Ukiitazama juu utakuta namba ya 07 au 01 badala ya jina MPESA. Ya kweli hujipanga chini ya meseji zako za zamani za MPESA, na salio lake hufuata hesabu: ulikuwa na 2,340, umepokea 28,000, basi lazima lisome 30,340. Mwizi hajui ulikuwa na ngapi, kwa hivyo salio hulibuni au hulificha. Lakini bibi ambaye meseji zake husomewa na mjukuu msimpe mtihani wa herufi ndogo. Mfundisheni jambo moja: *334#, tazama salio. Halikupanda, hakuna pesa.

Ila kateni simu kwanza. Anayekushikilia na maneno, "usikate, nahodha analalamika, maji yanatoka", anajua kwamba simu nyingi ndogo hupata taabu kufungua *334# katikati ya mazungumzo. Mgeni wa kweli atangoja dakika tano.

Wapo pia wanaotuma pesa za kweli, na hawa ndio hatari zaidi kwa sababu salio linapanda kweli. Anadai alikosea namba, anakusihi umrudishie. Ukimtumia kwa mkono, naye huku ameshaomba muamala wake ubatilishwe, utatoa mara mbili. Jibu ni moja: "Ipeleke ile meseji yako ya MPESA kwa 456, watakurudishia wao." Aliyekosea kweli atafanya hivyo na kushukuru. Nanyi pesa hizo msiziguse mpaka jambo limalizike.

Kuhusu wanaojiita huduma kwa wateja: Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000. Msiende kwa jina linalotokea kwenye Truecaller (programu ya kuonyesha jina la anayepiga), kwa sababu jina lile hutokana na watumiaji wenyewe na mwizi anaweza kujiandika lolote. PIN hakuna mfanyakazi anayeihitaji. Akikwambia ubonyeze namba ndefu "tuifungue laini yako", usibonyeze. Zinazoanza na *33* huzuia simu zinazotoka, usiweze kuwapigia wahusika. Zinazoanza na *21* au **21* huzielekeza simu zako kwenye laini yake. Uliyekwisha kubonyeza, piga ##002# kuondoa uelekezaji wote.

Mwenye kuuliza namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na namba unazopigia mara kwa mara anatafuta kuihamisha laini yako kwenye kadi nyingine. Ndiyo maana wakati mwingine hutangulia namba ngeni mbili tatu kukubipu: ukizirudishia, zinaingia kwenye orodha ya uliowapigia, na yeye anazijua. Pigeni *100*100# leo, laini isiweze kubadilishwa kwa wakala yeyote tu. Na *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtandao ukipotea ghafla huku simu ya jirani yako inashika, usidhani ni mnara. Azima simu, piga 100, au 0722 002 100 kama ni ya kampuni nyingine.

Simu za utapeli kutoka nje ya nchi ni nyepesi kuzitambua. Wengi wetu tuna watu Oman (+968) na Saudia (+966), kwa hivyo bipu ya ng'ambo hutushtua moyo. Mlio mmoja kisha kimya, kutoka nchi usiyokuwa na mtu: usirudishe, gharama ni yako. Mtu wako ataandika WhatsApp.

Ukiwa umeshatuma, dakika za mwanzo ndizo zenye faida, kabla hajazitoa kwa wakala. Meseji yako ya MPESA ipeleke 456, kisha piga 100 useme ni utapeli, si kukosea namba. Kama ulitaja PIN, ibadilishe hapo hapo kupitia *334# kabla ya jambo jingine lolote. Namba ya mwizi itume 333, ni bure. DCI (idara ya upelelezi wa jinai) nao wana namba isiyotozwa, 0800 722 203. Halafu nenda kituoni upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na meseji usifute hata moja, zikiwemo za matusi anayotuma akishagunduliwa. Namba yake na saa aliyopiga ndivyo watakavyokuuliza.