Uzoefu wangu: nimeagiza chatu mtandaoni, nimempokea kwenye boksi (Ohio, Marekani)

Nianze na maksi kabisa kwa wenye haraka, nawapa nyota nne kwenye tano. Nyoka mwenyewe safi, ufungaji safi, ila ile seti ya vifaa wanayokupigia debe uinunue pamoja naye ni takataka na nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo watu wanaliwa hela halafu mnyama anaungua.

Mimi niko Columbus. Niliyemchukua ni Python regius, yule chatu mdogo anayejiviringa kama mpira akiogopa. Msishtuke jamani, siyo yule chatu wetu wa porini anayemeza mbuzi, huyu jike mkubwa anafika kama mita moja na nusu hivi basi, asili yake zaidi ni Afrika Magharibi huko Ghana, Togo na Benin ingawa porini anapatikana mpaka Uganda. Sheria ya Ohio ya 2012 ya wanyama hatari inawabana wale chatu wakubwa wa futi 12 na kuendelea, huyu hayumo, lakini kuna miji ina masharti yake kwa hiyo uliza kwanza unapoishi, na kama uko Hawaii sahau kabisa, kule kufuga nyoka ni kosa. Mama yangu yuko Morogoro, nilipomwambia kwenye WhatsApp alinyamaza kidogo akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu paka wameisha?"

Muuzaji simtaji, hapa sitangazi biashara ya mtu. Kilichonivutia kwao ni kwamba kabla hata sijalipa walinitumia rekodi ya kula ya yule nyoka, tarehe gani kala nini, na kwamba kazaliwa hapahapa bandani, siyo wale waliokamatwa porini au mayai yaliyookotwa wakaletwa na ndege. Hiyo ni muhimu kuliko rangi aisee. Wa porini mara nyingi anakuja na minyoo na utitiri halafu anagoma kula panya waliogandishwa. Ukiuliza rekodi ya kula muuzaji akaanza kuzungukazunguka, achana naye.

Usafiri sasa. Posta ya serikali, USPS, haipokei nyoka kabisa hata asiye na sumu, kwa hiyo wafugaji wengi wanatumia FedEx ya kufika kesho yake asubuhi, na wanatuma kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi ili mzigo usije ukalala wikendi kwenye ghala. Usafiri peke yake dola 59, yaani unalipia boksi nauli kama abiria. Ilikuwa Novemba, baridi imeshapiga hodi, wakasogeza tarehe ya kutuma wakisema huku kwetu usiku joto linashuka sana, mwanzoni nilinuna ila kwakweli walikuwa sahihi, na wakanishauri nisingoje mlangoni, niende kuchukua mwenyewe kwenye depo ya FedEx. Fuata ushauri huo. Gari la dilivari linazunguka na baridi mchana kutwa na ukiwa hupo nyumbani linarudi na nyoka wako ghalani, na dhamana ya muuzaji kwamba nyoka atafika hai inataka upokee mara ya kwanza mzigo unapoletwa na utume picha ndani ya masaa mawili, ukichelewa imekula kwako.

Boksi ndani lina foamu nene ya kuzuia baridi pande zote, pakiti ya joto imebandikwa kwenye mfuniko na karatasi katikati isimguse, na nyoka yuko kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa fundo. Mfungulie sehemu tulivu, siyo sebuleni watoto wote wamekusanyika na TV inapiga kelele. Mwangalie: ngozi ikiwa na mikunjomikunjo ana kiu, mdomoni kukiwa na mapovu au anapumua kwa mluzi hiyo ni dalili ya kifua, na vidudu vidogo vyeusi vinavyotembea karibu na macho au kwenye kidevu ni utitiri. Wangu alikuwa poa, wa baridi kidogo tu ukimgusa. Na akiwa wa baridi usimkimbize kwenye taa ya joto, mwache apate joto taratibu la chumba kwanza, halafu ndiyo anaingia kwenye kasha lake ambalo lilitakiwa liwe limewashwa na kupimwa tangu jana yake.

Haya, ile seti. Ina pedi ya joto ya kubandika chini ya kasha bila thamostati (kile kifaa cha kuzuia joto lisipite kiwango ulichoweka), na kipimajoto cha mshale cha kugandisha kwenye kioo, ambacho kinapima joto la kioo siyo la pale nyoka anapolala. Pedi bila thamostati inapanda inavyotaka, na nyoka anaweza kulala juu yake tumbo likaungua bila yeye kuhama, sasa kumuuzia mtu kitu hicho anayefuga kwa mara ya kwanza ni nini kama siyo dhambi? Hapo ndipo nyota moja imekwenda. Mimi niliikataa, nikanunua thamostati pembeni na kile kipimajoto cha bunduki kama walichokuwa wanatuelekezea kwenye paji la uso enzi za korona, unapiga pale chini unajua ukweli. Upande wa joto naweka nyuzi 31 mpaka 33 za selsiasi, upande wa pili 24 mpaka 27, unyevu asilimia 60 hivi kwenda juu maana ukipungua anashindwa kujivua gamba vizuri. Maficho mawili, moja kila upande, yawe ya kumbana, ukimpa moja tu atachagua kujificha badala ya joto na ataacha kula. Bakuli la maji. Chini nimetandika tishu za jikoni tu kwa kuanzia, zile tandiko nzuri za maganda ya nazi zitakuja baadaye, kwenye karatasi nyeupe unaona kinyesi, unaona utitiri, unaona kila kitu.

Halafu unamwacha. Wiki moja hakuna kumshika, hakuna picha za kumvisha shingoni, unabadilisha maji unaondoka. Kijana wangu alikuwa ananing'ang'ania "baba tumguse kidogo tu", nikamwambia huyu kasafirishwa usiku kucha gizani kwenye mfuko, mwache. Karatasi ya maelekezo iliyokuja kwenye boksi ilisema hivyohivyo kwa mistari michache na hapo nawapongeza.

Chakula ni baada ya hiyo wiki. Panya wa kugandishwa, unene wake usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka, unamwacha ayeyuke kwenye friji usiku, kisha kwenye maji ya moto mpaka apate joto la mnyama hai, maikrowevu usithubutu, anapasuka na nyumba itanuka wewe utahama. Unamshikia kwa koleo ndefu jioni taa zikiwa hafifu. Wangu mara ya kwanza alimwangalia tu akarudi maficho, nikamwandikia muuzaji akajibu siku hiyohiyo kwamba niache, nisirudie kesho yake, nisubiri wiki nyingine, na kweli iliyofuata alimrukia fasta. Hawa chatu kugoma kula ni kawaida yao, ilimradi uzito haushuki. Akishakula unamwacha tena siku mbili bila kumshika la sivyo anatapika.

Daktari mtafute kabla mzigo haujafika. Wa karibu na kwangu anaona mbwa na paka tu, nilipotaja nyoka yule dada wa mapokezi alicheka, nikapata mwingine mbali kidogo na kumwona tu kabla ya dawa yoyote ni hela nyingi kuliko nauli ya lile boksi.